Barafu ya Cortina: nani atailipia Olimpiki ikishaondoka?

Tarehe 16 Oktoba 2023, wajumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki wakiwa wamekusanyika Mumbai, India, Giovanni Malagò alisimama kuwaeleza jambo lililowachoma wengi nyumbani kwake Italia. Wakati huo alikuwa rais wa kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo na kiongozi wa maandalizi ya Michezo ya majira ya baridi ya 2026 ya Milano na Cortina. Alisema Italia haitajenga njia ya barafu ya bobsledi, luji na skeletoni, michezo ya kuteremka mlimani kwa sledi, mjini Cortina d'Ampezzo. Michezo hiyo mitatu itafanyika nje ya nchi. Miezi minne baadaye misumeno ilikuwa ikinguruma msituni Cortina, na mradi uleule uliotangazwa kufa ulikuwa unaanza kujengwa.

Uchambuzi huu unahusu uamuzi huo mmoja, wa kujenga au kutojenga. Hoja yangu naiweka mezani mapema ili msomaji aipime mwenyewe. Naamini Cortina ilipewa kitu ambacho mji haukuwa na kazi nacho ya kila mwaka, ilhali historia ya mji huohuo, kuanzia 1956, ilikuwa imeshaonyesha kipi hudumu na kipi hufa wageni wakishafunga mizigo. Waliojenga wana hoja moja nzito, nami nitaifikia kwa heshima yake. Lakini hesabu ya miaka ya baadaye ndiyo iliyopewa muda mfupi kuliko zote.

Bonde na wenyewe

Cortina iko katika bonde la mto Boite, mkoa wa Belluno, jimbo la Veneto, mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Umezungukwa na kuta za mawe ya Dolomiti: Tofane upande wa magharibi, Cristallo kaskazini-mashariki, Faloria mashariki. Jua la jioni likizipiga kuta hizo hugeuka rangi ya waridi, na Waitaliano wameupa mji jina la Malkia wa Dolomiti. Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza milima hiyo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wakazi wa kudumu hawafiki 6,000. Familia za asili ni za Waladini, watu wenye lugha yao ya mabonde hayo. Kuanzia 1511 bonde lilikuwa chini ya Austria, na ni baada ya Vita Kuu ya Kwanza tu ndipo likawa la Italia. Utalii ulitangulia kufika. Mwaka 1863 Paul Grohmann wa Vienna alipanda Tofana di Mezzo akiongozwa na mwenyeji, Francesco Lacedelli, na baada yake wakaja Waingereza na matajiri wa Austria, kisha hoteli. Ukoo wa Lacedelli haukuacha milima: tarehe 31 Julai 1954 Lino Lacedelli wa Cortina, pamoja na Achille Compagnoni, walikuwa binadamu wa kwanza kusimama juu ya K2, mlima wa pili kwa urefu duniani.

Kuna jambo moja la bonde hili ambalo waandishi wa michezo hulipita haraka, nami nalishikilia kwa sababu linagusa kiini cha kisa. Sehemu kubwa ya misitu na malisho ya Ampezzo si ya serikali wala ya mtu binafsi. Ni mali ya pamoja ya familia za asili, zilizojipanga katika vyama vinavyoitwa Regole, ambavyo kumbukumbu zake zilizoandikwa zinarudi hadi karne ya 13. Mali hiyo haigawanywi na haiuzwi. Mwanachama ana haki ya kuitumia, kuni na mbao na malisho, lakini analazimika kuwaachia watoto wake kama alivyoikuta. Tangu 1990 Regole ndizo zinazosimamia hifadhi ya mazingira ya Dolomiti za Ampezzo, yenye hekta zipatazo 11,000. Maana yake ni kwamba mji huu una uzoefu wa karne nyingi wa kujiuliza kitu kitatunzwaje na kizazi kisichokuwepo kikaoni. Swali hilo halikuwa geni kwao. Lilikuwa geni kwa waliokuja na ramani kutoka Roma na Venezia.

Michezo ya 1956 na mabaki yake

Cortina ilikuwa imepewa Olimpiki ya 1944, ikafutwa na vita. Ikaipata ya 1956, kuanzia tarehe 26 Januari hadi 5 Februari. Nchi 32 zilileta wanamichezo 821. Umoja wa Kisovyeti ulishiriki Michezo ya baridi kwa mara ya kwanza na ukaondoka na medali nyingi kuliko nchi nyingine yoyote. Toni Sailer wa Austria alitwaa dhahabu zote tatu za skii za milimani kwa wanaume. Chiharu Igaya wa Japani alipata fedha katika slalomu, medali ya kwanza ya Asia katika Michezo hiyo. Kiapo cha wanamichezo kilisomwa na mwanamke kwa mara ya kwanza katika historia ya Olimpiki, Giuliana Minuzzo wa Italia. Na ndiyo Michezo ya baridi ya kwanza kuonyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni. Guido Caroli, aliyeingia uwanjani na mwenge huku akiteleza kwa viatu vya barafu, alijikwaa kwenye waya wa watu wa televisheni akaanguka, lakini mwenge haukuzimika.

Theluji ilikuwa haba mwaka ule, ikabidi isombwe na kumwagwa kwenye miteremko. Nalitaja kwa sababu watu hudhani uhaba wa theluji Alpi umeanza jana. Ongezeko la joto limelifanya tatizo kuwa kubwa na la kudumu, lakini Cortina iliuonja mapema sana.

Ukitaka kujua kama Olimpiki ilimfaa mwenyeji, nenda ukaangalie majengo miaka 30, 50, 70 baadaye. Cortina inaruhusu jaribio hilo vizuri kuliko miji mingi, kwa kuwa vitu vya 1956 vimekuwa na hatima tofauti kabisa ndani ya bonde moja.

Uwanja wa barafu, ambako ufunguzi ulifanyika, bado unatumika. Ulijengwa wazi, baadaye ukaezekwa, na miaka yote hiyo timu ya mpira wa magongo ya barafu ya mji imekuwa ikicheza humo. Watoto wa Cortina wamejifunza kuteleza pale. Mashindano ya dunia ya kurling, mchezo wa kutelezesha mawe juu ya barafu, kwa wanaume yalifanyika humo 2010, na ulipofika wakati wa kupanga Michezo ya 2026, uwanja huohuo ndio uliopewa kurling.

Miteremko ya Tofana imekuwa na maisha marefu zaidi. Karibu kila Januari tangu 1993 Kombe la Dunia la skii la wanawake hupita kwenye Olimpia delle Tofane. Sehemu yake mashuhuri, Tofana Schuss, ni mpasuko kati ya kuta mbili za mwamba ambamo mkimbiaji huporomoka kama jiwe. Hapo Lindsey Vonn wa Marekani ameshinda mara 12, na hapo ndipo Januari 2015 alipopata ushindi wake wa 63 na kuivunja rekodi ya Annemarie Moser-Pröll iliyokuwa imedumu tangu 1980. Mwaka 2021 mji uliandaa Mashindano ya Dunia ya skii za milimani, bila watazamaji kwa sababu ya korona. Siku ambazo hakuna mashindano, mteremko hauko mtupu. Mtalii wa kawaida analipa tiketi ya lifti, anateleza mahali alipopita bingwa, analala hotelini na kula mgahawani. Mbio zinautangaza mteremko, na mteremko unazilipia mbio.

Mbio za viatu vya barafu zilifanyika juu ya ziwa Misurina lililoganda. Ilikuwa mara ya mwisho kwa Olimpiki kuzifanya kwenye barafu ya asili. Masika yakaja, ziwa likarudi kuwa maji. Hakuna deni lililobaki.

Halafu kuna mnara wa kurukia skii ulioko Zuel, chini kidogo ya mji. Ulikuwa fahari ya 1956. Umekaa bila mashindano tangu miaka ya 1990, kwa sababu mchezo wenyewe ulihamia kwenye minara mikubwa ya kisasa na Cortina haikuwa na vijana warukaji wa kutosha kuufanya uishi. Kwa 2026 kuruka kulipangwa Predazzo, katika bonde la Fiemme, ambako kuna klabu, kuna minara inayotumika, na kumefanyika Mashindano ya Dunia mara tatu: 1991, 2003 na 2013.

Na kuna njia ya barafu.

Njia ya Monti

Msomaji ambaye hajawahi kuiona aifikirie hivi: mfereji wa zege unaoshuka mlimani kwa zaidi ya kilomita moja, wenye kona zilizoinuka ukutani, uso wake wote ukiwa barafu. Katika bobsledi watu wawili au wanne huisukuma sledi ya chuma wakikimbia, kisha hurukia ndani. Katika luji mtu hulala chali, miguu mbele. Katika skeletoni hulala kifudifudi, kichwa mbele. Kasi huvuka kilomita 120 kwa saa. Ndani ya zege la kisasa kuna mabomba ya kupozea yanayokwenda urefu wote wa njia, yakiunganishwa na mitambo inayokula umeme mwingi, na kila siku mafundi huinyoa na kuilainisha barafu kwa mkono. Hapo ndipo gharama ilipo. Kujenga ni ghali, na kuendesha ni ghali kila msimu, wawe wanamichezo 5 au 500.

Cortina ilikuwa na njia ya bobsledi tangu miaka ya 1920. Baadaye iliitwa Eugenio Monti, na jina hilo lina haki ya kusimuliwa. Monti alizaliwa Dobbiaco, ng'ambo ya mlima, mwaka 1928. Nywele zake zilikuwa nyekundu, wakamwita Mwekundu Arukaye. Mwaka 1956 alipata medali mbili za fedha hapo Cortina. Mwaka 1964 huko Innsbruck, Waingereza Tony Nash na Robin Dixon, washindani wake, walivunjikiwa bolti ya sledi. Monti akawapa ya kwake. Waingereza wakatwaa dhahabu, yeye shaba. Alipolaumiwa nyumbani alijibu kwamba Nash alishinda kwa sababu alikuwa na kasi zaidi, si kwa sababu ya bolti. Akatunukiwa nishani ya Pierre de Coubertin, wa kwanza kuipata. Dhahabu zake zilikuja 1968, zote mbili, akiwa na umri wa miaka 40.

Njia yenye jina la mtu kama huyo haifungwi kwa moyo mwepesi. Lakini 2008 ilifungwa, kwa sababu mji na wadau wake hawakuweza kuendelea kubeba gharama zake. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki, na ulitoka Cortina kwenyewe. Wala haikuwa njia mbaya. Ilikuwa na historia, na mabingwa walikuwa wakiishi jirani, lakini bado haikujilipia.

Ushahidi wa pili ulikuwa upande wa pili wa Italia. Kwa Olimpiki ya Torino ya 2006, ileile ambako Mkenya Philip Boit alishiriki kwa mara ya tatu na ya mwisho katika skii za nyika, ilijengwa njia mpya ya barafu huko Cesana. Gharama yake ilipita euro milioni 100. Ilifungwa 2011. Mfumo wake ulikuwa wa amonia, ikabidi uondolewe, na zege likabaki mlimani. Miaka 5 tu. Armin Zöggeler, Mwitaliano kutoka Tirol Kusini na mmoja wa wanaluji wakubwa wa nyakati zote, alipata dhahabu yake ya pili ya Olimpiki pale. Alipochukua shaba yake ya mwisho, Sochi 2014, nchi yake haikuwa tena na njia hata moja ya kufanyia mazoezi.

Ahadi na hesabu

Tarehe 24 Juni 2019, huko Lausanne, Milano na Cortina ziliishinda Stockholm na Åre kwa kura 47 dhidi ya 34. Wasweden hawakuwa na njia ya barafu, na hawakuahidi kujenga. Walipanga kuipeleka bobsledi na wenzake Sigulda, Latvia, ng'ambo ya Baltiki, ambako njia ilikuwepo na inatumika. Kanuni za Olimpiki zilikuwa zinaruhusu hilo waziwazi tangu mageuzi ya Desemba 2014: tumia kilichopo, hata kama kiko nchi nyingine. Italia iliahidi kuifufua njia ya Monti.

Neno kufufua lilipungua uzito kila ripoti ilipotoka. Njia ya zamani isingeweza kukidhi viwango vya sasa, na makadirio ya gharama yakapanda hadi zaidi ya mara mbili ya yale ya mwanzo. Mapema 2023 njia ya kihistoria ilivunjwa ili kupisha mpya. Zabuni ya ujenzi ikatangazwa, na ilipofungwa Julai mwaka huo hakuna kampuni hata moja iliyojitokeza. Msomaji atulie hapo kidogo. Mji ulikuwa umeshabomoa kumbukumbu yake ya miaka 100, na hapakuwa na mkandarasi aliyetaka kujenga mbadala wake kwa bei na muda uliotolewa.

Wakandarasi walikuwa wamesema kwa ukimya wao kile ambacho Kamati ya Kimataifa ilikuwa ikikisema kwa barua. Kamati haikutaka njia mpya. Christophe Dubi, msimamizi wake wa Michezo, alirudia mara nyingi kwamba njia zilizopo duniani zinatosha na kwamba hakuna cha kujengwa bila mpango unaoeleweka wa matumizi ya baadaye. Waliokuwa wakisukuma upande wa kujenga ni Luca Zaia, rais wa jimbo la Veneto wakati huo, na Matteo Salvini, waziri wa miundombinu. Ndipo ikaja Mumbai.

Kati ya Oktoba 2023 na Januari 2024 kulikuwa na njia nne za kutokea, na inafaa kuziangalia kwa macho ya wakati ule, si ya leo.

Ya kwanza ni Igls, juu ya Innsbruck, Austria. Njia hiyo ilijengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1976, inatumika kila msimu, na kutoka Cortina ni mwendo wa saa chache kwa barabara. Ilihitaji ukarabati, lakini ukarabati wa kitu kinachoishi.

Ya pili ni St. Moritz, Uswisi, na hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. St. Moritz ni ndugu wa Cortina kwa hadhi: mji mkongwe wa mapumziko, mwenyeji wa Olimpiki 1928 na 1948. Njia yake ya bobsledi, inayoshuka hadi Celerina, imekuwepo tangu 1904 na haina mfereji wa zege wala mitambo ya kupozea. Kila mwanzo wa majira ya baridi mafundi, wengi wao wakitoka Tirol Kusini nchini Italia, huijenga upya kwa theluji na maji, kona moja baada ya nyingine, kwa majembe na mikono. Inatumika msimu mzima, mashindano ya dunia yanafanyika, wageni wanalipia kupanda kama abiria. Masika inayeyuka. Mji ukaamka Aprili bila kitu cha kulinda, kupaka rangi wala kulipia umeme. Zaidi ya karne moja sasa.

Ya tatu ilikuwa kuifufua Cesana, ambayo watu wa Piemonte, jimbo ilipo njia hiyo, waliipigania. Ilikuwa na mvuto wa kutumia zege lililokwishalipiwa, ila hali yake baada ya miaka zaidi ya 10 ya kutelekezwa iliwatia watu wasiwasi wa gharama na muda.

Ya nne ilikuwa kujenga Cortina, kwa mwaka mmoja na kidogo, kazi ambayo kwa kawaida huchukua zaidi.

Serikali ikachagua ya nne. Mpango ulipunguzwa ukubwa, na mwishoni mwa Januari 2024 kampuni ya umma inayosimamia miundombinu ya Michezo, Simico, ikakubaliana na kampuni ya ujenzi ya Pizzarotti ya Parma kwa euro milioni 81.6. Ukijumlisha gharama zote za mradi unafika karibu milioni 120. Februari miti ya lariksi, jamii ya msonobari inayopukutisha majani wakati wa baridi, ilianza kuangushwa kwa mamia katika msitu wa Ronco, mingine ikiwa na umri mkubwa. Mario Brunello, mpiga selo mashuhuri wa Veneto, alikwenda kupiga muziki katikati ya miti hiyo kama maombolezo, misumeno ikifanya kazi jirani. Sidhani kama kuna aliyeamini muziki ungeizuia kazi. Lakini kulikuwa na watu waliotaka ijulikane kwamba walikuwepo na walipinga.

Hoja nzito ya waliojenga

Nimesema kuna hoja moja nzito. Ni hii: mchezo hauwezi kuishi nchini bila mahali pa kuuchezea. Kijana wa Bolzano au Belluno mwenye umri wa miaka 12 hawezi kupelekwa Austria au Ujerumani kila wiki kujaribu luji. Mabingwa wa zamani walitoka maeneo hayo kwa sababu njia zilikuwa karibu. Zöggeler alipostaafu, aliwaachia vijana wenye vipaji ratiba ya kuazima barafu ya jirani. Na njia ya Königssee, Ujerumani, iliharibiwa vibaya na mafuriko Julai 2021, jambo lililopunguza nafasi za mazoezi katika eneo zima la Alpi. Anayeipenda michezo hii ana haki ya kusema kwamba Italia ilihitaji njia moja.

Nakubali. Ila hoja hiyo inadai njia ya mazoezi iliyo karibu na wachezaji, yenye bajeti ya uendeshaji iliyotengwa kwa miaka mingi. Haidai njia ya Olimpiki iliyojengwa mbiombio mahali ambapo ya zamani ilikufa kwa kukosa fedha. Mali bila daftari huisha bila habari, na daftari lililopaswa kuandikwa kwanza ni la msimu wa 2027, wa 2028, na kuendelea. Mijadala ya hadharani ya 2023 ilijaa maneno ya heshima ya taifa: aibu ya kuwapelekea wageni medali zetu, Italia haiwezi kushindwa. Hayo ni maneno ya siku 17 za Michezo.

Jambo lingine lilinifanya niutazame mji kwa huruma zaidi. Cortina ina mahitaji ya wazi ambayo hayana uhusiano na bobsledi. Reli iliyouunganisha mji na Calalzo na Dobbiaco ilifungwa 1964, na tangu hapo kila mtu, mgeni na mkazi, hutegemea barabara moja ya bonde ambayo huzibwa na maporomoko ya udongo. Nyumba nyingi ni za matajiri wa mijini wanaokuja wiki chache kwa mwaka. Bei zimepanda kiasi cha kuwafanya vijana wa familia za asili washuke kuishi chini bondeni. Idadi ya wakazi imekuwa ikipungua kwa miongo. Baadhi ya barabara na majengo ya Michezo yataisaidia Cortina, sina ubishi. Lakini ukimuuliza mwalimu au muuguzi wa pale kitu cha kwanza anachohitaji, hatataja kona 16 za barafu.

Kazi ilivyokwenda

Haki itendeke: ujenzi wenyewe ulikuwa mafanikio ya kihandisi. Chini ya kamishna Fabio Saldini mafundi walifanya kazi mchana na usiku. Kamati ya Kimataifa, bado ikiwa na mashaka, ilidai mpango mbadala, na Desemba 2024 ukachaguliwa Lake Placid, jimbo la New York, ng'ambo ya Atlantiki. Fikiria kwamba safari ya Igls iliyokataliwa ilikuwa ya saa chache. Februari 2025 bomba la mfumo wa kupozea lilikutwa limewekwa barabarani kuzuia njia ya kuingilia, likachunguzwa kama hujuma.

Mwishoni mwa Machi 2025 sledi za kwanza zikateremka. Wanamichezo wapatao 60 kutoka nchi 12 waliijaribu njia, yenye urefu wa mita zaidi ya 1,700, na shirikisho la bobsledi na la luji yakaikubali. Majina ya kona za zamani yalirudishwa: Labirinti, Belvedere, Antelao, Cristallo. Lake Placid ikaachwa. Novemba 2025 Kombe la Dunia likafika, na mashindano ya Olimpiki ya Februari 2026 yakapangiwa hapo kama serikali ilivyotaka.

Wengi walitaja majaribio ya Machi kuwa jibu kwa wapinzani. Kwangu yalijibu swali jingine. Yalithibitisha kwamba Waitaliano wanajua kujenga haraka na vizuri, jambo ambalo sikulitilia shaka. Hayakugusa gharama ya kuiweka barafu ile msimu ambao hakuna televisheni.

Kuna mambo ya kuyaangalia ambayo yatatuambia ukweli. Kwanza ni watoto: je, klabu za Bolzano, Trento na Belluno zina vijana wanaopanda Cortina kila wiki, na nani anawalipia usafiri na kocha? Pili ni kalenda ya kimataifa, kwa sababu njia isiyopata Kombe la Dunia kila mwaka hupoteza wafadhili haraka. Tatu ni nani anasaini hundi ya umeme. Ikiwa ni halmashauri ya mji wenye wakazi wasiofika 6,000, basi tumerudi 2008 na zege jipya. Ikiwa ni jimbo na serikali kuu, kwa mkataba wa miaka mingi uliotiwa saini na kutengewa fedha, njia ina nafasi ya kweli, nami nitafurahi kuona hoja yangu imeshindwa, kwa ajili ya vijana watakaoitumia.

Cesana ilidumu miaka 5 baada ya Michezo yake. Kwa kipimo hichohicho, msimu wa kuihukumu njia ya Cortina ni wa 2030 na 2031, na hesabu zake zinapaswa kuchapishwa hadharani kila mwaka kuanzia sasa, ili wakazi wa Ampezzo wajue wanachobeba kabla hakijawazidi uzito.